Kutoka silinda mbili hadi moja: kwa nini wasafiri wa pikipiki wanarudi kwenye uzito mdogo

Mashariki mwa Kongo, mtu akitaja Boxer, kila mmoja anawaza pikipiki ya Bajaj inayosubiri abiria kwenye njia panda: silinda moja, kiti kirefu, na nyuma mfuko wa unga au kreti ya bia. Nchini Ujerumani neno hilo hilo lina maana nyingine kabisa. Huko, Boxer ni moteri ya BMW yenye silinda mbili zilizolala, moja kushoto na nyingine kulia, pistoni zake zikienda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili. Pikipiki yenye moteri hiyo inakaribia kilo 250, na bei yake ni ya gari.

Kati ya hizo Boxer mbili kuna mjadala ambao umedumu zaidi ya miaka 40 kati ya watu wanaosafiri mbali kwa pikipiki. Baadhi yao, waliozunguka nchi nyingi juu ya pikipiki kubwa za silinda mbili, sasa wanaziuza na kununua za silinda moja, zenye nguvu ndogo zaidi. Si kwamba wote wameishiwa pesa. Sababu yao kubwa ni ile ambayo motari wa Butembo, Shabunda au Walikale anaijua tangu wiki yake ya kwanza kazini: lami ikiisha, uzito ndio unaoamua nani atafika.

Somo la Mongolia

Mwaka 2004, waigizaji wawili wa sinema kutoka Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, waliondoka London kwa pikipiki kuelekea New York, wakipitia Ulaya, Kazakhstan, Mongolia, Siberia na Alaska. Mpigapicha Claudio von Planta alifuatana nao juu ya pikipiki yake. Wote watatu walipewa BMW R1150GS Adventure, pikipiki kubwa ya silinda mbili. Safari yao ilionyeshwa kwenye televisheni kwa jina la Long Way Round, na ilifanya BMW hiyo ijulikane hata na watu ambao hawajawahi kupanda pikipiki.

Lakini walipofika Mongolia, ambako barabara ni alama za magurudumu tu katika nyasi, matope na mito, fremu ya pikipiki ya Claudio ilivunjika. Ilichomelewa, lakini haikuweza kuendelea na safari kwa nguvu zake. Ikapakiwa kwenye lori hadi mji mkuu, Ulaanbaatar. Claudio hakusimama. Walimnunulia pale pale pikipiki nyekundu ya Kirusi, IZH Planeta, yenye silinda moja, ya aina ambayo wachungaji wa Mongolia walikuwa wakiitumia kila siku. Akapanda, akaendelea na safari.

Pikipiki hiyo ya Kirusi haikuwa na breki za kisasa wala mwendo wa kuogopesha. Ilikuwa na jambo moja tu ambalo BMW haikuwa nalo siku hiyo: watu wa eneo hilo waliijua, na yeyote mwenye spana na koleo aliweza kuigusa. Watazamaji wengi walitoka kwenye kipindi hicho wakitamani BMW. Wachache walitoka wakijiuliza kuhusu ile pikipiki nyekundu.

Moteri moja, kazi moja

Tofauti ya moteri hizi si ngumu kuelewa. Katika moteri ya silinda moja, ya aina inayopatikana kwenye pikipiki nyingi za wamotari, esanse huwaka mara moja kila moteri inapozunguka mara mbili. Yaani moteri ikizunguka mara 4000 kwa dakika, kuna mipuko 2000 ndani yake. Moteri ya silinda mbili ina mipuko 4000 katika dakika ile ile. Ndiyo maana inavuta bila kushtuka, inapumua vizuri mwendo ukiwa mkubwa, na mikono ya mwendeshaji haifi ganzi baada ya saa tatu za lami.

Silinda moja inatetemeka zaidi, kwa sababu hakuna pistoni ya pili ya kusaidia kusawazisha ile ya kwanza. Watengenezaji wanaweka ndani chuma cha kuzunguka cha kupunguza mtetemeko huo, lakini hauishi wote. Kwa upande mwingine, moteri ni nyembamba, ina vipande vichache, na mwendeshaji anaweza kuibana kwa magoti anaposimama juu ya vikanyagio katika njia mbaya.

Hesabu ya vipande inasema mengi. Honda Africa Twin ya kwanza, iliyotoka mwaka 1988, ilikuwa na silinda mbili, valvu 6 na buji 4. Pikipiki ya kawaida ya motari ina silinda moja, valvu 2 na buji moja. Kila kipande kinachoongezwa ni kipande kinachoweza kuchoka, kinachohitaji kupimwa, na kinachopaswa kupatikana dukani kikiharibika. Kwenye BMW R1150GS, kubadilisha ambreyaji kunadai kuifungua pikipiki karibu nusu nzima ya nyuma. Kwenye pikipiki nyingi za silinda moja, ambreyaji iko nyuma ya kifuniko kimoja cha pembeni, na fundi anaifikia akiwa amekaa chini ya mti.

Dakar: kwenda na kurudi

Mtu anayetaka kuona mjadala huu ulivyoendeshwa na watu wenye pesa na mafundi bora duniani, aangalie mashindano ya Paris-Dakar. Mashindano hayo ya jangwani yalianza mwisho wa Desemba 1978. Mshindi wa kwanza kwa upande wa pikipiki, Mfaransa Cyril Neveu, alifika Dakar juu ya Yamaha XT500 ya silinda moja. Akashinda tena mwaka 1980 kwa pikipiki ya aina hiyo hiyo.

Kisha BMW ilileta Boxer yake ya silinda mbili, R80 G/S, iliyoanza kuuzwa mwaka 1980. Hubert Auriol alishinda nayo mwaka 1981 na 1983. Baada yake, Mbelgiji Gaston Rahier alishinda mwaka 1984 na 1985, ingawa alikuwa mtu mfupi ambaye miguu yake haikufika chini vizuri akiwa juu ya pikipiki hiyo. Katika jangwa lililo wazi, ambako pikipiki inaweza kukimbia kilometa mia bila kona, nguvu ya silinda mbili ilikuwa haikamatiki. Honda ikaunda NXR750 na kushinda miaka 4 mfululizo, 1986 hadi 1989. Zikafuata Cagiva na Yamaha. Kuanzia 1983 hadi 1998, miaka 16, kila mshindi wa pikipiki alipanda silinda mbili.

Mwendo huo ulikuwa na gharama yake. Pikipiki ya kilo zaidi ya 200, yenye matangi makubwa ya mafuta, ikikosea njia kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa, haisamehe. Wamiliki wa timu walijua hivyo, na waendeshaji walijua zaidi. Mashindano yenyewe yalipita hata Afrika ya Kati: mwaka 1992 yalitoka Paris hadi Le Cap, Afrika Kusini. Ni katika njia hiyo, huko Kongo-Brazzaville, ambapo Mfaransa Gilles Lalay, mshindi wa mwaka 1989, alifariki baada ya kugongana na gari la matibabu la mashindano. Kifo hicho hakikutokana na idadi ya silinda, lakini kilibaki katika kumbukumbu ya watu waliokuwa wakiuliza mashindano hayo yanakwenda wapi na kwa mwendo gani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1999. Mfaransa Richard Sainct alishinda juu ya BMW F650RR, ya silinda moja. Mwaka uliofuata, BMW ilifanya jambo ambalo lilikuwa kama mtihani wa wazi: katika timu zake kulikuwa na pikipiki za silinda moja na Boxer ya silinda mbili, katika njia ile ile, kutoka Dakar hadi Cairo. Sainct alishinda tena kwa silinda moja. Oscar Gallardo alikuwa wa pili, naye kwa silinda moja. Mmarekani Jimmy Lewis alifika wa tatu juu ya Boxer, akifuatwa na silinda moja nyingine ya BMW.

Kampuni ya KTM ya Austria ilipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 2001, Muitaliano Fabrizio Meoni aliipa ushindi wake wa kwanza kwa silinda moja ya cc 660. Mwaka 2002 alishinda tena, safari hii kwa silinda mbili ya cc 950. Watu wengi wakadhani silinda moja imezikwa. Lakini mwaka 2003 Sainct na Cyril Despres, wote wawili juu ya KTM 660 za silinda moja, walimaliza mbele ya Meoni na ile 950 yake. Tangu hapo hakuna silinda mbili iliyoshinda Dakar. Na kuanzia mwaka 2011, mashindano yakiwa yamehamia Amerika Kusini, sheria haikuruhusu tena moteri inayozidi cc 450. Pikipiki zinazopigania ushindi leo zina uzito wa karibu kilo 140 kabla ya kujazwa mafuta.

Kwa hiyo hata mahali ambapo kila fundi, kila helikopta na kila kipuri kilikuwepo, hesabu ilirudi kwenye silinda moja.

Sheria ya moshi na viwanda vya India

Kama mambo ni hivyo, kwa nini maduka ya Ulaya yalijaa silinda mbili? Jibu la kwanza ni wateja wenyewe. Watu wengi wanaonunua pikipiki za safari wanakaa kwenye lami, wanabeba mke au mume nyuma, na wanataka kukimbia kilometa 130 kwa saa kwenye barabara kuu. Kwa kazi hiyo, silinda mbili ni bora.

Jibu la pili ni moshi. Jina Ténéré la Yamaha linaonyesha historia hiyo. Mwaka 1983 lilikuwa jina la XT600Z, silinda moja iliyozaliwa kutokana na Dakar. Mwaka 1989 ikaja Super Ténéré ya silinda mbili. Mwaka 2008 jina likarudi kwa XT660Z ya silinda moja. Kisha sheria za Ulaya kuhusu moshi wa magari na pikipiki zikakazwa, na ni vigumu kwa pistoni moja kubwa kuchoma mafuta kwa usafi unaotakiwa. XT660Z ikaachwa, na mwaka 2019 ikaja Ténéré 700 ya silinda mbili. Nchini Marekani, ambako sheria ni tofauti, Suzuki imeendelea kuuza DR650, silinda moja yenye kabureta, kwa umbo ambalo halijabadilika sana tangu 1996.

Wengi waliamini kwamba silinda moja ya safari inakufa. Iliyoiokoa ni India, na hapa ndipo hadithi inaporudi karibu na msomaji wa Kivu na Ituri. Mwaka 2007 Bajaj, ile ile ya Boxer, ilianza kununua hisa za KTM. Kiwanda chake cha Chakan, karibu na mji wa Pune, ndicho kinachotengeneza KTM 390 Adventure ya silinda moja. Mwaka 2013 TVS, ambayo jina lake linasomeka kwenye matangi mengi ya pikipiki za Goma na Bukavu, ilisaini mkataba na BMW. Matokeo yake, kuanzia 2017 BMW ikauza G310GS: silinda moja, cc 313, kilo karibu 170, iliyotengenezwa na TVS katika mji wa Hosur, kusini mwa India. Royal Enfield nayo, tangu 2016, inauza Himalayan, silinda moja iliyojaribiwa katika milima mirefu ya kaskazini mwa India.

Kwa maneno mengine, baadhi ya pikipiki ambazo Wazungu wanazikimbilia wanapochoka na uzito zinatoka kwa kampuni zile zile zinazowapa kazi wamotari wa mashariki mwa Kongo.

Hesabu ya kilo na ya esanse

Hesabu yenyewe ni rahisi kufanya. BMW R1250GS, ikiwa na mafuta tangini, ina kilo 249. Honda Africa Twin ya cc 1100 ina kilo 226. Suzuki DR650 ina kilo 166, na Honda CRF300L ina kilo 142. Kutoka BMW hiyo hadi CRF300L kuna tofauti ya kilo 107, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Mtu aliyeangusha pikipiki katika matope saa kumi jioni, akiwa peke yake, anajua mifuko miwili ya saruji ina maana gani. Na ikiwa pikipiki imemwangukia mguuni, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama atautoa mguu mwenyewe au atasubiri mpita njia.

Nguvu nayo inapungua. BMW hiyo ina nguvu za farasi 136, CRF300L ina 27 tu. Kwenye karatasi, ni aibu. Katika njia ya mawe yenye mteremko, ambako mwendo wa kawaida ni kilometa 20 au 30 kwa saa, farasi 100 kati ya wale 136 wanakaa bure huku uzito wao ukiendelea kubebwa.

Kwa upande wa mafuta, Africa Twin inakunywa karibu litri 5 kwa kilometa 100, CRF300L karibu litri 3. Katika safari ya kilometa 1000, hiyo ni litri 20 za tofauti, bidoni nzima. Lakini hapa silinda moja haishindi kila kitu. Tangi la Africa Twin lina litri 18.8 na linapeleka mtu zaidi ya kilometa 370. Lile la CRF300L lina litri 7.8 tu, na baada ya kilometa 250 hivi mwendeshaji lazima awe amepata kituo, au awe amebeba bidoni yake. Anayehama bila kufanya hesabu hii atajifunza kwa kusukuma.

Wanachopoteza wanaohama

Wanaohama hawapati faida bila hasara. Kwenye lami ndefu, silinda moja ndogo inachosha. Kilometa 600 kwa siku, ambazo pikipiki kubwa inazimaliza mwendeshaji akiwa bado na nguvu za kutafuta hoteli, zinakuwa kilometa 350 au 400, na mikono inawasha. Kupita lori juu ya mlima kunahitaji subira. Upepo wa pembeni unasukuma pikipiki nyepesi. Abiria wa nyuma, kama yupo, ndiye wa kwanza kulalamika.

BMW kubwa pia haina cheni. Nguvu inakwenda kwenye gurudumu la nyuma kwa mhimili wa chuma. Anayehamia silinda moja anarudi kwenye kazi ya kusafisha cheni, kuipaka oili na kuikaza, hasa wakati wa vumbi na mvua.

Zaidi ya hayo, si kila silinda moja ni ya safari. Kuna zile za mashindano, za cc 450 au 500, ambazo ni nyepesi sana na zinavutia macho. Lakini moteri zake zimefanywa kwa ajili ya mbio, na baadhi zinataka oili mpya kila baada ya saa 15 za kazi. Kwa mtu anayevuka nchi nzima, hiyo ni oili mpya karibu kila siku mbili. Anayechanganya silinda moja ya kazi na silinda moja ya mashindano ananunua matatizo mapya kwa bei ya juu.

Na idadi ya silinda si kipimo cha uzito peke yake. Ile Ténéré ya 2008 ya silinda moja na Ténéré 700 ya silinda mbili zina uzito unaokaribiana, zote mbili zikiwa juu kidogo ya kilo 200. Himalayan mpya ya cc 450 ina kilo 196. Novemba 2025, mjini Milan, BMW yenyewe ilionyesha F 450 GS, pikipiki ya silinda mbili ndogo isiyofika kilo 180. Mtu aliyetoka Ténéré 700 kwenda Himalayan amehama jina na bei, lakini mgongo wake hautaona tofauti kubwa. Swali la kwanza linabaki kilo ngapi, halafu ndipo silinda ngapi.

Kosa la mizigo

Kosa linalowapata wengi wanaohama ni kubeba silinda moja kama walivyokuwa wakibeba silinda mbili. Kwenye BMW kubwa, mtu huweka masanduku matatu ya aluminiamu, hema, viti, jiko, kompyuta, na vifaa vya kutengeneza pikipiki ambavyo hajui kuvitumia. Masanduku yenyewe, yakiwa matupu, yanaweza kufika kilo 15 hadi 20. Ukichukua shehena hiyo ya kilo 60 na kuifunga nyuma ya pikipiki ya kilo 142, umeharibu ile faida uliyoilipia. Amortisa ya nyuma inazama, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na chuma cha kubebea mizigo kinapasuka.

Wazoefu wanashuka hadi kilo 20 au 25 za mizigo, katika mifuko laini iliyofungwa karibu na kiti. Mifuko laini haivunji mguu wa mwendeshaji akianguka, na ikipasuka inashonwa na fundi wa viatu.

Hapo mtu wa Kongo anaweza kucheka kidogo. Motari wa hapa anapakia watu watatu, jerikani na mbuzi juu ya pikipiki ya cc 125, na inakwenda. Ni kweli inakwenda, lakini inalipa: spoki, fani za magurudumu, cheni na moteri vinachoka mapema, na breki zilizofanywa kwa watu wawili haziwezi kusimamisha mzigo wa watu wanne kwenye mteremko. Kile ambacho msafiri wa Ulaya anajifunza kwa kuhama, motari anakijua tayari kwa upande wa wepesi wa pikipiki. Kwa upande wa mizigo, wote wawili wanakaa darasa moja.

Barabara za Kongo zinasema nini

Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Beni na Kisangani, au namba 3, kati ya Bukavu, Walikale na Kisangani, msimu wa mvua ukifika malori yanaweza kukwama siku nyingi katika mashimo ya matope. Kinachopita ni pikipiki, kwenye kijia kilichokatwa pembeni mwa msitu. Pale ambapo daraja limevunjika au kivuko kimeharibika, pikipiki inaingizwa ndani ya mtumbwi. Watu wawili au watatu wanainua pikipiki ya kilo 120, wanailaza, na mto unavukwa. Pikipiki ya kilo 250 inahitaji watu wengi zaidi, mtumbwi mpana zaidi, na maombi. Na ikitumbukia, hakuna wa kuitoa.

Hilo linawagusa si watalii tu, ambao ni wachache katika barabara ambazo vita vimezifunga au kuzifanya za hatari. Linamgusa muuguzi anayepeleka chanjo kwenye kituo cha afya, mwalimu mkaguzi, padri au mchungaji mwenye parokia ya vijiji 20, mtaalamu wa kilimo, na mfanyabiashara ambaye amepata pesa kidogo na sasa anatamani pikipiki kubwa aliyoiona kwenye simu. Kwa miaka mingi mashirika yanayofanya kazi vijijini yamewapa wafanyakazi wao pikipiki za silinda moja kama Yamaha AG na DT. Sababu ni kwamba zinarudi nyumbani.

Kwa anayetaka kupanda ngazi kutoka cc 125, onyo ni moja: silinda moja iliyotoka Ulaya haiwi rahisi kutengeneza kwa sababu tu ina silinda moja. Cheni ya Boxer au TVS ya kawaida ni namba 428, na inauzwa karibu kila soko. Honda CRF300L na BMW G310GS zinatumia namba 520, ambayo fundi wa Lubero au Mwenga anaweza asiwe nayo. Tairi ya nyuma ya inchi 18 yenye upana wa 120 si ile iliyoning'inia kwenye kibanda cha barabarani. Pikipiki nyingi za kisasa zinaingiza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta na hazina kiki. Batri ikifa, zinasukumwa. Kabla ya kulipa, ni vizuri mnunuzi apeleke namba za cheni, tairi, buji, chujio la oili na vipande vya breki kwa fundi wake na kumuuliza ni vingapi vinapatikana mjini. Vile visivyopatikana, anunue viwili viwili pamoja na pikipiki.

Kuna mtihani mwingine usiohitaji fundi wala karatasi. Wasafiri wazoefu wanaufanya kabla ya kununua, na mfanyabiashara mwaminifu haukatai. Pikipiki inalazwa polepole chini kwenye nyasi, tangi likiwa limejaa na mizigo ikiwa imefungwa. Anayetaka kuinunua anaiinua peke yake. Kisha inalazwa tena upande wa pili, anaiinua. Halafu mara ya tatu. Akishindwa mara ya tatu, pale sokoni, mchana, watu wakimtazama, ataishindwa pia usiku wa mvua katikati ya msitu, ambako hakuna mtu wa kumsaidia.